Seramu ya "kung'arisha" yenye orodha hii ya viambato: ni salama kupaka usoni?

Rukia_T

Wakuu habari za leo. Naomba wenye ujuzi wa vipodozi wanisaidie kusoma lebo. Ni seramu ya uso, ya maji maji, mililita 30, chupa ya kioo inayoonyesha ndani, yenye mpira wa kudondoshea. Mbele imeandikwa "Niacinamide 10%, Alpha Arbutin 5%, Vitamin C 20%" na chini yake ahadi ya kung'ara ndani ya siku 7. Nyuma nimenakili kama ilivyo:

*Aqua, Niacinamide, Glycerin, Propanediol, Alpha-Arbutin, Ascorbic Acid, Kojic Acid, Phenoxyethanol, Sodium Hyaluronate, Xanthan Gum, Citrus Limon Peel Oil, Retinol, Parfum, Limonene, Linalool, CI 19140.*

Bado haijafunguliwa. Ngozi ni ya mafuta, rangi ya maji ya kunde iliyokolea, chunusi za hapa na pale na madoa meusi yanayobaki zikipona. Nataka kujua kama kuna kitu cha hatari humu, na zaidi ya hapo nijue namna ya kusoma lebo nyingine mwenyewe. Nawasilisha.

---

Mchanganyaji

Dada Rukia, umefanya vizuri kunakili orodha nzima. Kabla ya kemia, tufanye hesabu ya darasa la nne.

Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Utaratibu huo unashika mpaka kufika asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo, na rangi huwekwa mwisho kabisa. Sasa tazama: niasinamidi ni ya pili, wanadai ni 10%. Arbutini ni ya tano, wanadai ni 5%. Vitamini C (Ascorbic Acid) imekaa *baada* ya arbutini. Kama arbutini ni 5%, vitamini C haiwezi kuzidi 5%. Hiyo 20% ya mbele imetoka wapi? Ama maneno ya mbele ni ya uongo, ama orodha ya nyuma ni ya uongo. Vyovyote iwavyo, aliyeandika lebo hii hajui kilichomo ndani ya chupa yake, au anajua na hataki wewe ujue. Mimi ningeishia hapo, lakini umeomba kujifunza, basi tuendelee.

Hatua ya pili ni kutafuta "mstari wa asilimia moja". Kuna viambato ambavyo karibu kila mara hukaa kwenye 1% au chini yake, na hivyo hukusaidia kujua mstari uko wapi. Phenoxyethanol ndiyo alama nzuri kuliko zote, kwa sababu sheria ya Ulaya inaifunga kwenye 1% na watengenezaji wengi duniani hufuata kiwango hicho. Xanthan Gum na Sodium Hyaluronate pia, hizo huwekwa kwa sehemu ndogo za asilimia. Ukizidisha, seramu inageuka mlenda. Kwa hiyo kwenye orodha yako mstari unapita pale Phenoxyethanol ilipo. Vilivyo kabla yake ndivyo vinavyofanya kazi kubwa, vilivyo baada yake ni chembe.

Ila usidharau chembe zote. Retinoli (aina ya vitamini A) hufanya kazi hata ikiwa 0.1%, na manukato yanaweza kuleta mzio kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Kule chini ya mstari ndiko mara nyingi tatizo linakojificha.

Hatua ya tatu, linganisha na viwango. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo mpya: alfa-arbutini 2% kwenye krimu ya uso, asidi ya kojiki 1% kwa uso na mikono, retinoli 0.3% kwa uso. Ulaya si kwetu, lakini ni kipimo kizuri cha kushikia. Seramu yako inajitangaza yenyewe kuwa na arbutini mara mbili na nusu ya ukomo huo, na asidi ya kojiki imeandikwa juu ya Phenoxyethanol, maana yake huenda ipo karibu na 1% au imeipita.

Hatua ya nne ndiyo watu wengi huiruka: je, hivi vitu vinaweza kuishi pamoja? Vitamini C ya aina hii inahitaji pH (kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) chini ya 3.5 ili ipenye kwenye ngozi. Niasinamidi hukaa vizuri kwenye pH 5 hadi 7. Ukiiweka kwenye asidi kali pamoja na joto, taratibu inageuka asidi ya nikotiniki, na hiyo ndiyo inayofanya uso uwe mwekundu na uchomechome dakika chache baada ya kupaka. Arbutini nayo kwenye asidi na joto huvunjika na kuachia haidrokwinoni kidogo kidogo. Sasa fikiria chupa hiyo imekaa wiki sita kwenye rafu ya duka la bati, Dar, mwezi wa pili.

Halafu kuna mafuta ndani ya maji. Retinoli na mafuta ya ganda la limao haviyeyuki kwenye maji. Lazima kiwepo kiyeyushi, kwa mfano Polysorbate 20 au PEG-40 Hydrogenated Castor Oil. Kwenye orodha yako hakuna hata kimoja. Maana yake mafuta yanaelea juu kama mafuta ya supu, na siku fulani mpira wa kudondoshea utayanyonya yakiwa yamekolea na kuyaweka yote kwenye shavu moja. Mtu anaungua sehemu yenye ukubwa wa sarafu halafu anashangaa, mbona jana haikuniunguza?

Na CI 19140 ni rangi ya njano tu. Vitamini C ikiharibika inaanza njano, inakwenda chungwa, inaishia kahawia. Ukiipaka rangi ya njano tangu kiwandani, umemnyima mteja alama pekee ya kumwonya kwa macho. Hicho ndicho kiambato kilichonikera kuliko vyote, na hakina sumu yoyote.

---

Mfamasia_Tanga

Mchanganyaji amemaliza upande wa yaliyoandikwa. Niongeze yasiyoandikwa, maana kwa bidhaa za "kung'arisha" hapo ndipo watu wanapoumia.

Vitatu vya kuogopa ni haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua), zebaki na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe). Vyote vitatu vimepigwa marufuku kwenye vipodozi kwa nchi za Afrika Mashariki. Kiwango cha pamoja cha EAS 377 kina orodha ya vitu visivyoruhusiwa. Kwa Tanzania msimamizi wa vipodozi ni TBS (Shirika la Viwango) tangu mwaka 2019, kazi hiyo ilipotoka TFDA (mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo). Kwa Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko.

Kwenye lebo, haidrokwinoni inaweza kuandikwa Hydroquinone, Quinol au 1,4-Benzenediol. Zebaki unaweza kuikuta kama Calomel, Mercurous Chloride, Ammoniated Mercury au Mercuric Iodide. Steroidi: Clobetasol Propionate, Betamethasone, Fluocinonide na ndugu zao. Lakini mwenye nia mbaya haandiki. Kwa hiyo tumia dalili za nje:

– Ahadi ya siku 3 au 7. Ngozi ya juu huchukua takriban wiki 4 kujibadilisha, na doa jeusi la chunusi kwa matibabu halali huanza kufifia baada ya wiki 8 hadi 12. Kinachong'arisha kwa wiki moja ama kinachubua, ama kimezima kinga ya ngozi.

– Chunusi, vipele na muwasho vyote kupotea kwa siku mbili tatu kama uchawi. Hiyo ni tabia ya steroidi. Ukiacha, uso unalipuka: wekundu, kuungua, vipele vidogo kuzunguka mdomo. Ukiendelea miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinyweleo vinaota.

– Maelekezo ya "usiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu". Hilo ni onyo la zebaki. Pia bidhaa yenye zebaki inaweza kugeuka kijivu ikikaa kwenye mwanga. Kwa haki, zebaki inapatikana zaidi kwenye krimu na sabuni kuliko kwenye seramu za maji. Mkataba wa Minamata unazuia vipodozi vyenye zebaki, na kinachoharibika kwanza mara nyingi ni figo, siyo uso.

– Vifundo vya vidole, masikio na kuzunguka macho kubaki vyeusi wakati mashavu yamekwajuka. Kila aliyeishi mtaani kwetu anaijua sura hiyo ya mkorogo. Haidrokwinoni ikitumika miaka inaweza kuleta weusi wa bluu-kijivu usiotoka, na hapo hata daktari wa ngozi anakuwa na machache ya kufanya.

Hakuna kipimo cha nyumbani cha steroidi wala zebaki. Wanaoweka matone ya limao au baking soda na kusema "ikitoa povu ni feki" wanajidanganya. Povu la baking soda linakwambia kuna asidi, basi.

Kama kuna anayesoma hapa ambaye tayari amepaka krimu ya aina hiyo kwa miezi kadhaa na uso unawaka akiacha, asirudie kupaka ili kutuliza. Aende kwa daktari wa ngozi *akiwa na kopo lenyewe*. Hospitali za rufaa zina kliniki za ngozi, na hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kizima cha mafunzo ya ngozi. Amwambie daktari ukweli wa muda aliotumia, kwa sababu namna ya kuacha inategemea hilo.

Jambo la mwisho. Lebo hii haina neno lolote kwa wajawazito, na ndani kuna Retinol. Mjamzito au anayetafuta mimba aache kabisa bidhaa zenye Retinol, Retinal, Retinyl Palmitate au Tretinoin. Niasinamidi na asidi ya azelaiki hazina shida hiyo.

---

Kijana_wa_Ilala

Mbona mnazunguka sana. Kuna programu za simu, unapiga picha lebo inakupa rangi. Nimeingiza hiyo orodha, Phenoxyethanol imetoka chungwa, Citrus Limon imetoka kijani. Kwa hiyo kihifadhi ndicho kibaya, limao ni asili. Tafuta isiyo na kihifadhi wala parabeni, umemaliza.

---

Mchanganyaji

Mkuu, umegeuza mambo juu chini, na kosa si lako, ni la hizo rangi. Programu zinaangalia jina bila kuuliza *kiasi gani* na *inapakwa wapi*. Chumvi nayo ukila nusu kilo utakufa.

Phenoxyethanol kwa 1% imepimwa na kupimwa tena. Kitu chochote chenye maji ni chakula cha bakteria na ukungu. Seramu ya maji isiyo na kihifadhi, kila ukigusa shavu kwa kile kidondoshio na kukirudisha ndani unapanda mbegu. Ndiyo maana seramu za kujitengenezea kwa maji ya mchele au juisi ya aloe zikikaa siku tatu nne nje ya friji zinanuka uchachu, na kabla hazijanuka tayari zimejaa vijidudu. Ukiona Aqua ni ya kwanza na huoni kihifadhi popote, rudisha rafuni.

Parabeni nazo ni kundi la vihifadhi, si kitu kimoja. Ulaya mwaka 2014 ilipiga marufuku tano (Isopropyl-, Isobutyl-, Phenyl-, Benzyl- na Pentylparaben). Methylparaben bado inaruhusiwa mpaka 0.4%, na kwa ngozi yenye mzio mara nyingi ni nafuu kuliko vihifadhi vilivyokuja kuchukua nafasi yake. Mfano ni Methylisothiazolinone: ilisifiwa kama mbadala, ikaleta mzio kwa watu wengi, na tangu 2017 hairuhusiwi Ulaya kwenye vitu vya kupaka na kuacha. Ukiiona kwenye seramu, achana nayo.

Na hilo limao la kijani sasa. Mafuta yanayokamuliwa kwenye ganda la limao bila kupikwa kwa mvuke yana kemikali zinazoamshwa na jua. Paka, toka nje saa sita mchana, unapata mchomo na baada yake doa la kahawia linalokaa wiki au miezi. Kwa mwenye ngozi nyeusi anayetafuta kuondoa madoa, ni sawa na kufagia huku unamwaga mchanga. Limonene na Linalool zilizotajwa mwisho ni harufu zinazotoka humo na kwenye Parfum. Zikikutana na hewa zinaoksidika na kuwa chanzo cha mzio, ndiyo maana Ulaya inalazimisha zitajwe zikizidi 0.001% kwenye bidhaa ya kuacha usoni.

---

Wanjiru_Ngozi

Nikiongezea kutoka Nairobi, niseme kuhusu kupima kwenye ngozi, maana "patch test" ya wengi ni kupaka mara moja nyuma ya sikio na kusubiri dakika kumi. Hiyo haikuonyeshi kitu.

Hii si kwa seramu ya Rukia (hiyo nakubaliana na wenzangu, usiipake popote). Ni kwa ile utakayonunua baadaye, yenye lebo inayoeleweka:

Chagua sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, upana wa kama sentimita 4 kwa 4. Izungushie alama ya kalamu. Paka tone moja asubuhi na jioni, palepale, siku 7 mfululizo. Ukiwa na historia ya mzio fika siku 14. Usifunike kwa plasta, kwa sababu asidi na retinoli zikifunikwa zinaunguza hata mtu asiye na mzio. Usioshe sehemu hiyo kwa sabuni kali kati kati ya kipimo.

Soma matokeo hivi. Kuchoma ndani ya dakika au saa chache, kwenye mipaka uliyopaka tu, kukitulia ukiacha: hiyo ni ngozi kuchokozwa, inaweza kuwa kipimo kikubwa au pH ya chini. Kuwasha kunakoanza siku ya pili au ya tatu, vipele vidogo, kunakovuka mstari wa kalamu: huo ni mzio, na mzio hauzoeleki. Ukipunguza kiasi utarudi tu.

Baada ya mkono, hamia chini ya taya kwa siku 3, kisha uso mzima usiku mmoja ndani ya mitatu. Kitu kipya kimoja kwa wakati mmoja, wiki mbili kabla ya kingine. Ukianza vitatu siku moja na uso ukaumuka, utamlaumu nani?

Kuhusu pH, karatasi za kupimia zipo kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Usinunue ile ya 1 hadi 14 yenye rangi nne, ni butu mno. Tafuta yenye hatua ya 0.5. Dondosha tone juu ya karatasi, soma ndani ya sekunde 15. Ikisoma chini ya 3 usipake usoni. Haifanyi kazi kwa seramu za mafuta, na yenye rangi kali kama hii yenye CI 19140 itakudanganya.

---

Rukia_T

Asanteni sana, nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. Kumbe niliyoiona "asili" ndiyo mbaya. Maswali mawili. Kwanza, nimegundua namba ya toleo kwenye boksi haifanani na ya kwenye chupa, na tarehe ya mwisho ipo kwenye boksi pekee. Pili, orodha nzuri kwa ngozi yangu ingeonekanaje?

---

Mfamasia_Tanga

Namba mbili tofauti ni kasoro kubwa. Chupa na boksi vinatakiwa kuwa na namba moja, kwa sababu ndiyo inayotumika kuifuatilia bidhaa ikileta madhara. Zikitofautiana, ama chupa imejazwa upya, ama boksi ni la bidhaa nyingine. Usiifungue. Piga picha pande zote za boksi, chini ya chupa, na risiti. Rudisha dukani ikiwa bado na muhuri wake, na peleka picha ofisi ya TBS ya mkoa ulipo. Wanachohitaji ni jina la bidhaa, namba zote mbili, na duka ulikonunua. Usimpe mtu mwingine "kwa kuwa haijafunguliwa".

Kwa zijazo: alama ya kopo lililo wazi lenye 6M au 12M ni miezi ya kutumia tangu kufungua, haichukui nafasi ya namba ya toleo.

---

Mchanganyaji

Kwa ngozi ya mafuta yenye madoa ya chunusi, tafuta orodha fupi ya namna hii: *Aqua, Niacinamide, Glycerin* (au *Propanediol*), kitu kimoja cha ziada kama *Panthenol*, kisha *Xanthan Gum, Phenoxyethanol, Ethylhexylglycerin, Disodium EDTA, Citric Acid*. Hakuna Parfum, hakuna mafuta ya limao, hakuna CI yoyote. Niasinamidi 4 au 5% inatosha. 10% kwa wengi inaongeza kuchoma kuliko inavyoongeza faida. Ukitaka kitu cha chunusi na madoa kwa pamoja, asidi ya azelaiki 10% ni bora kuliko kuchanganya vitano kwenye chupa moja. Vitamini C ukiipenda, inunue peke yake, chupa nyeusi au ya pampu isiyoingiza hewa, iweke friji, na ikifika rangi ya chai itupe.

Na asubuhi losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Bila hiyo madoa yanarudi kila siku saa nne.

---

Wanjiru_Ngozi

Vidole viwili *vya kwake*, siyo vya mtoto. Watu hupaka robo yake halafu wanasema haifanyi kazi.